Tundu la USB kwenye paneli ya ndege ndogo: sikiliza redio kwanza, wati baadaye

Malalamiko ninayopokea siku hizi yanafanana. Rubani mmoja wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ameniandikia kwamba redio yake ya pili ilianza kufoka siku ile ile alipofungiwa tundu jipya la USB. Mwingine, anayerusha Cessna 206 kutoka Arusha, anasema akichomeka tableti yake mwongoza ndege humjibu kwamba anasikika vizuri kabisa, ila yeye majibu hayo huyapata nusu nusu. Wote wawili walinunua kwa kuangalia wati na idadi ya matundu. Wote wawili waliuziwa kifaa ambacho boksi lake limeandikwa kuwa ni cha ndege.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi: kelele ambayo chaja inamwaga ndani ya redio yako. Rangi ya taa, kifuniko cha chuma au cha plastiki, simu kujaa kwa dakika ngapi, hayo utayasoma kwenye boksi lenyewe.

Tuanze na chanzo chake. Umeme wa ndege zetu ni volti 14 au 28, na simu inataka 5. Ili kuushusha, chaja huukata umeme na kuuachia, huukata na kuuachia, mara laki kadhaa kwa sekunde moja. Kila mkato hutoa uchafu wa mawimbi, na uchafu huo haubaki kule chini ulikozaliwa. Hupanda hadi kwenye masafa tunayoyategemea: megahezi 108 hadi 118 za VOR na ILS (mitambo ya redio ya kukuongoza njiani na unapotua), na 118 hadi 137 za mazungumzo. Ule waya wa mita moja unaoning'inia kutoka kwenye paneli hadi kwenye tableti uliyoifunga pajani hugeuka antena ya kuurusha. Chaja iliyotengenezwa vizuri ina vichujio na ganda la chuma la kuuzuia. Chaja ya bei rahisi haina, kwa sababu vichujio vinagharimu pesa na ndani ya gari hakuna atakayegundua kwamba havimo.

Kelele unayoisikia ina nafuu yake, maana angalau inakukera na utaitafuta. Inayonisumbua mimi ni ile isiyosikika. Skwelchi ya redio imewekwa ili ifungue sauti pale tu mawimbi yanapokuwa na nguvu kuliko mchakacho wa kawaida. Chaja ikiupandisha mchakacho huo, redio nyingi huficha tu kituo cha mbali, na wewe unadhani hakuna aliyeita. Juu ya Wilson hutaona tofauti yoyote, mnara uko chini yako. Lakini ukiwa futi 10,500 kati ya Marsabit na Lodwar, au unavuka kutoka Mafia kwenda Dar es Salaam chini ya mawingu, sauti unayoihitaji inakufikia dhaifu kama ya mtu anayekuita kutoka upande wa pili wa soko. Hiyo ndiyo ya kwanza kupotea.

Na si mazungumzo tu. Kuna chaja zinazodhoofisha GPS, na huku kwetu ambako tableti yenye ramani imekuwa tegemeo la wengi, ni balaa kifaa kinachoipa tableti umeme kiwe ndicho kinachoinyima satelaiti. Ukifungua ukurasa wa satelaiti kwenye GPS ya paneli, utaona vile vijiti vya nguvu vikishuka mara unapochomeka.

Hivi ndivyo ninavyopima, na nakusihi upime kabla injinia hajasaini. Usiende na simu iliyojaa, kwa sababu chaja isiyo na kazi hukaa kimya. Nenda na tableti mbili zenye chaji ya chini kabisa. Washa umeme mkuu na redio, vaa hedifoni, fungua skwelchi hadi usikie ule mchakacho wa kawaida. Kisha chomeka. Mchakacho ukibadilika hata kidogo, ukawa mzito au ukapata mluzi ndani yake, andika masafa hayo. Pitia masafa yote unayotumia, pamoja na 121.5 ya dharura, kwa sababu uchafu huu hukaa penye masafa fulani na kuruka mengine. Fundi anayejaribu masafa mawili na kusema mambo safi hajapima. Rudia na tableti moja, rudia na mbili, rudia injini ikinguruma, maana oltaneta ikianza kazi volti hupanda na chaja hubadilisha mwendo. Mwisho tazama dira ya sumaku: kama kadi inasogea unapochomeka, tundu limefungwa karibu nayo mno.

Ile pete nyeusi ya feraiti inayobanwa kwenye waya husaidia kiasi. Haizuii kinachovuja kutoka kwenye boksi lenyewe nyuma ya paneli, umbali wa vidole vichache kutoka kwenye waya wa antena. Nimesikia mafundi wakimwambia mwenye ndege anunue pete tatu, nne, azibane zote. Hapo anatibu waya wakati ugonjwa uko kwenye chaja.

Kwenye karatasi, kitu cha kutafuta ni DO-160, sehemu ya 21. DO-160 ni viwango vya majaribio ya vifaa vya ndege, na sehemu ya 21 ndiyo inayopima mawimbi ambayo kifaa kinatoa. Matokeo huandikwa kwa herufi. Kwa kifaa kinachokaa kwenye chumba cha rubani, herufi ya kutafuta ni M au kali zaidi ya hapo. Mtengenezaji aliyefanya jaribio hili huliandika kwa fahari kwenye kitabu cha ufungaji. Asiyelifanya huandika maneno matamu kuhusu "ulinzi wa hali ya juu". Ukiona pia TSO-C71, ujue kifaa kimeidhinishwa na mamlaka ya anga ya Marekani kama kibadilisha umeme cha ndege, na injinia wako atakuwa na kazi rahisi ya makaratasi, iwe ndege ni 5Y (ya Kenya) au 5H (ya Tanzania).

Sasa chaguo zangu, kwa mpangilio.

Ya kwanza ni TA202 ya True Blue Power, na sifichi kwamba hii ndiyo kampuni ninayoipenda. True Blue Power ni tawi la Mid-Continent Instruments and Avionics la Wichita, Kansas, mji ule ule wa Cessna, na inaonekana watu hawa wanaijua paneli yenye nafasi finyu na waya wa miaka arobaini. Ina tundu moja la USB-A na moja la USB-C, mchanganyiko unaofaa kwa sasa: iPad mini ilihamia C mwaka 2021, iPhone mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umelazimisha C kwa simu na tableti mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024, lakini nyaya za A bado zimejaa kwenye mikoba ya abiria. Inapokea volti 14 na 28 bila kubadilishwa chochote. Jambo hilo lina uzito huku kwetu, kwa sababu Cessna 172 za kabla ya 1978 ni za volti 14 na zilizofuata ni za 28, na klabu nyingi zina zote mbili kwenye hanga moja. Zaidi ya yote, kitabu chake cha ufungaji kinaorodhesha majaribio sehemu kwa sehemu. Ndege ninazozijua zenye chaja za kampuni hii ziko kimya.

Ukiipata kaka yake mkubwa, TA102, yenye matundu mawili ya A na ampea 2.1 kila moja, bado ni chaja safi kwa anayetumia nyaya za zamani. Mwenye Cessna Caravan na abiria wanaobeba kompyuta mpakato aangalie TA360, ya C tupu na yenye nguvu zaidi. Kwa 172 hiyo ni pesa ya bure.

Ya pili ni GSB 15 ya Garmin. Ni ndogo, ni nadhifu, na kama paneli yako tayari imejaa Garmin, injinia atafurahi kufanya kazi na michoro anayoijua. Naiweka ya pili kwa sababu Garmin huuza vifaa vya kufungwa kwenye ndege kupitia mawakala wake walioidhinishwa, na mwenye ndege anayetengenezewa na fundi asiye wakala hujikuta akizungushwa.

Ya tatu ni Stratus Power ya Appareo, kampuni iliyoanzia Fargo, North Dakota. Sina ugomvi nayo. Ila mafundi ninaowajua hawajaizoea, na kifaa ambacho fundi wako hakijui hufungwa kwa kubahatisha.

Chaja za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, hata zile nzuri, zina faida moja: unaweza kuzichomoa. Za madukani Luthuli Avenue, Nairobi, na Kariakoo ziache kwenye gari. Nyingi zimeandikwa volti 12 hadi 24, wakati ndege ya volti 28 ikiwa angani inazidi hapo muda wote. Asiye na pesa ya tundu la kufungwa kwa sasa atumie pawabenki, aipime kwa namna ile ile, na asiiache juu ya paneli juani.

Kuhusu ufungaji nina mambo machache. Chaja iwe na breka yake (kikata umeme), na iwe breka ya kuvutika au swichi, ili kelele ikianza uizime kwa mkono mmoja. Breka nyingi za Cessna za zamani zimezama ndani na hazivutiki, kwa hiyo usikubali chaja iunganishwe hapo bila swichi. Izimike umeme mkuu unapozimwa, la sivyo itainyonya betri usiku kucha. Waya wake upite mbali na nyaya za antena. Na tundu lisitazame juu: vumbi jekundu la viwanja vya Mara na Amboseli linajaza tundu la C ndani ya msimu mmoja.

Sasa wauzaji. Kuna mmoja mjini ambaye aliniuzia chaja ya "anga" kwa ajili ya ndege ya klabu. Nilipobandua stika, chini yake palikuwa na jina la chaja ya pikipiki. Bei yake ilizidi ya chaja ya pikipiki mara kadhaa. Nilipomwomba karatasi ya majaribio alinitumia picha ya boksi. Biashara hii inaendelea kwa sababu neno "ndege" likitajwa, bei hupanda na maswali huisha.

Hata wanaouza vifaa halisi wana mchezo wao. Wanakutajia bei, unakubali, unalipa, kisha unaambiwa Fomu 8130-3 ya mamlaka ya anga ya Marekani ina malipo yake mbali. Fomu hiyo ndiyo inayomwezesha injinia kukifunga kifaa kihalali. Bila hiyo umenunua pambo la mezani. Halafu mzigo unakuja, wakala wa forodha anauandika "chaja ya simu" badala ya kipuri cha ndege, na unaanza kugombana juu ya ushuru wa kitu kinachoenea kiganjani. Chaja halali ni dola mia kadhaa kabla ya usafiri. Inauma, na inauma zaidi kwa shule za urubani ambazo mwanafunzi ndiye atakayebebeshwa gharama kwenye saa zake. Klabu na shule za Wilson zingeagiza pamoja, mzigo mmoja, zingegawana usafiri na zingekuwa na sauti mbele ya muuzaji.

Ukiagiza, andika mambo matatu kwenye oda yenyewe: namba kamili ya modeli pamoja na volti za ndege yako, Fomu 8130-3 ikiwa ndani ya bei, na kwamba kifaa kitarudishwa kikionekana kinaingilia redio wakati wa majaribio ya ardhini. Hili la tatu watalikataa kwanza. Mwambie injinia wako aandike matokeo ya majaribio, masafa kwa masafa, kwa mkono wake na sahihi yake, na uyaambatanishe na madai. Muuzaji wa kweli hulegea akiiona karatasi hiyo. Akikataa kabla hujalipa, agiza kwa mwingine.