Huduma ya Kupima Sumukuvu katika Maabara ya Baiokemia, Dodoma

Kikundi chetu cha wakulima wa karanga wa Kongwa kilipeleka sampuli kwenye maabara ya baiokemia ya chuo kikuu kimoja jijini Dodoma, nami naisifu kwa dhati. Mtaalamu aliyetupokea hakukubali konzi ya karanga iliyotolewa juu ya gunia. Alitueleza kwamba sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, haisambai sawasawa, na kwamba punje chache zinaweza kuharibu shehena nzima, hivyo sampuli huchotwa sehemu nyingi, huchanganywa na kusagwa kabla ya kupimwa. Watafiti wa maabara hiyo, wengi wao wanafunzi wa uzamili, wanachunguza jinsi vimeng'enya vya ini vinavyoigeuza aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu hizo, kuwa kemikali inayojishikiza kwenye vinasaba, kazi ambayo, baada ya vifo vilivyotokana na sumukuvu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, haistahili kubaki maabarani tu. Majibu yaliandikwa kwa Kiswahili na kulinganishwa na kikomo cha sumukuvu cha mikrogramu 10 kwa kilo. Hata hivyo yalichelewa, na mnunuzi hakutusubiri. Bei nazo hazikubandikwa popote. Msimu ujao tutapeleka sampuli mapema, kabla ya kushona magunia.