Rangi za Vallejo Model Color kwa sisi tunaopaka visanamu vya vita huku Mtwara, zinafaa au hela imepotea?

Nianze na jibu ili mwenye haraka aendelee na mambo yake: zinafaa, nunua, ila usinunue boksi zima, nunua chupa moja moja. Mwenye muda akae nimweleze.

Kwa asiyejua tunaongelea nini, hii ni hobi ya kupaka rangi visanamu vya askari, vingi kimo chake ni kama milimita 28, mnavipanga mezani na mwenzako mnapigana kwa rula na dadu. Wengi wanaijua kupitia Warhammer, ya Games Workshop wa kule Nottingham, Uingereza, wale wanajeshi wa anga za mbali wenye mabega kama friji. Sina ugomvi nao, lakini mimi napenda vita vilivyopiganwa kweli, na mtu wa Kusini wala haendi mbali kuvitafuta. Mahiwa ni hapo tu karibu na Nyangao, mkoa wa Lindi. Kuanzia tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 jeshi la Mjerumani chini ya von Lettow-Vorbeck na jeshi la Mwingereza walimalizana pale vibaya sana, afu mwezi uliofuata Mjerumani akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Na tukisema Mjerumani na Mwingereza tunaelewana, waliolala kwenye mahandaki wengi ni watu weusi pande zote mbili, huku askari wa hapahapa, kule Wanigeria na King's African Rifles, kikosi cha Waafrika wa makoloni ya Mwingereza ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo meza yangu inakula kaki na kahawia kuliko rangi nyingine zote, nyekundu na bluu zinakaa tu zinashangaa.

Sasa hiyo ndo sababu ya kwanza ya kuisifia Model Color. Ni rangi ya Kihispania, ya akriliki, inachanganywa na maji sio thina, na kaki zake ni nyingi ajabu. Kuna English Uniform ambayo ni kaki iliyokoza kuelekea kahawia, kuna Khaki yenyewe, kuna Iraqi Sand kwa nguo iliyopauka juani. Ukipaka kikosi kizima kaki ya aina moja wanaonekana wametoka dukani jana, na hawa watu walikuwa porini mwaka wa nne wa vita, nguo zimefuliwa, zimeshonwa viraka, zimechakaa kila mmoja kivyake. Mimi naanza na English Uniform wote, nikimaliza namwaga kahawia nyepesi ya majimaji ituame kwenye mikunjo, ikikauka napitisha Khaki kwenye magoti, mabega na kile kitambaa cha kofia kinachofunika kisogo, wachache nawaongezea Iraqi Sand. Basi, jeshi limeshachoka.

Sababu ya pili ni chupa. Ina mdomo wa kudondosha, ujazo kama mililita 17 au 18, unabinya tone moja au mawili unafunga. Joto letu hili mnalijua, rangi ya kopo la kufunua kifuniko kila ukifungua inakaukia pembeni, kifuniko kinashika ukoko, hakifungi vizuri tena, na hapo ndo imekwenda. Na ukishazoea kuhesabu matone unaweza kurudia mchanganyiko uleule baada ya mwezi, matone matatu ya hii na moja la ile, hamna kubahatisha.

Ila lazima uitikise. Yaani uitikise haswa, maana unga wa rangi unazama chini na ukibinya bila kutikisa yanatoka maji ya ute tu. Watu wanatumbukiza gololi ndani isaidie kukoroga. Usichukue gololi za chuma za beringi ya baiskeli, zinaota kutu mule ndani na rangi inaharibika, tumia za chuma kisichoshika kutu au shanga za kioo. Shanga sokoni zipo za kumwaga, uwe tu na maelezo ya kueleweka nyumbani zikikutwa mfukoni.

Ngozi sasa, na hapa naomba nilalamike kidogo. Hizi seti za kuanzia, na sisemi za kampuni moja maana ni ugonjwa wa wengi, zinakuja na chupa imeandikwa rangi ya ngozi na ukifungua ni ya waridi. Ngozi ya nani hiyo? Ndo maana nasema chupa moja moja. Chukua Chocolate Brown au Flat Brown iwe ya chini, afu sehemu za mwanga, yaani paji la uso, pua, mashavu na vifundo vya vidole, ongeza Saddle Brown au Beige Brown kidogo kidogo. Wengi wanaongeza nyeupe kwenye kahawia ili kupata mwanga, matokeo yake askari ana mpauko kama hajaona mafuta tangu azaliwe. Ngozi nyeusi ikipigwa na jua inarudisha mng'ao wa joto, inaelekea chungwa, haiendi kwenye majivu. Kwenye vivuli tia kazambarau kidogo sana, utanishukuru. Na usiwapake wote sawasawa, simama stendi dakika tano uone kuna weusi wa aina ngapi.

Udhaifu wake ni kwamba haishiki vizuri kwenye plastiki tupu, ukucha tu unaibandua. Praima, yaani rangi ya kutangulizia ili nyingine zishike, ni lazima, na huku pwani ina mambo yake. Ile ya spreyi ukipuliza mchana Shangani upepo wa bahari ukiwa umechangamka, inakauka hewani kabla haijafika, kisanamu kinatoka kina chengachenga kama msasa. Ukipuliza msimu wa mvua, na kwetu huo ni Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, unyevu unaingia, na kwa vanishi isiyong'aa ndo balaa zaidi maana inaweza kuganda ukungu mweupe juu ya kazi uliyokesha nayo. Vallejo wana praima ya kupaka kwa brashi, naipendekeza hiyo bila kusita, mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili, halafu iache mpaka kesho yake. Usiharakishe. Vanishi pia ya brashi.

Rangi ikikaukia kwenye kisahani kabla hujamaliza jicho moja, tengeneza kisahani chenye unyevu: kontena la plastiki lenye mfuniko, sponji ya vyombo iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi unadondoshea hapo. Funika, kesho unaikuta bado mbichi. Madukani huko nje wanauza kitu hichohicho bei ya kuchekesha.

Brashi ndogo za kucha kwenye maduka ya vipodozi ni nzuri kwa kazi za kawaida, tena rahisi. Niliwahi kuagiza pakiti ya brashi za bei chee mtandaoni, jina naliacha, zilikuwa zinanyonyoka nywele kuliko paka. Nunua moja nzuri ya nywele za mnyama kwa macho na vifungo, ya kupitishia rangi kavu, yaani ukishaifuta ikabaki na rangi kidogo tu, iwe ile mbovu uliyonayo.

Bei. Ulaya chupa inazunguka kwenye euro 3 hivi, ila ikifika kwako ni habari nyingine kwa sababu ya usafiri. Duka la hivi vitu hapa mjini mimi sijaliona, usijichoshe kuzunguka. Mimi naagiza kupitia ajenti wa mizigo Dar, kutoka pale inapanda basi. Kwa kuwa ni rangi ya maji haisumbui kusafirishwa kwa ndege, makopo ya spreyi ndo wanayakataa kama mzigo hatari, sababu nyingine ya kuachana nayo. Jikusanyeni wawili watatu muagize pamoja, chupa moja peke yake haina maana kabisa.

Nawapa nne na nusu kwa tano, hiyo nusu nimekata kwa sababu ya kutikisa. Ukianza kesho chukua English Uniform, Khaki, Chocolate Brown, Beige Brown, nyeusi na praima ya kijivu. Kahawia chukua mbili. Na mchanga wa vitako, vile vibao vya chini vinavyosimamia visanamu, usiagize, upo ufukweni bure, ila uoshe chumvi kwanza kwa maji ya bomba na uukaushe, na ukipata udongo mwekundu wa Newala uchekeche ndo mzuri zaidi.