Nilikesha na UFC 305 Barabara ya Ngong: uzoefu wangu na ukumbi wenyewe

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini: ukienda pale kutafuta picha safi na sauti safi, utatoka umenuna. Ukienda kutafuta watu wa kutazama nao, utatoka sauti imekauka na hutajuta. Nimewapa nyota 3 na nusu kati ya 5, na hiyo nusu ni ya supu.

Ni ukumbi wa ghorofani kando ya Barabara ya Ngong, mmoja wa zile baa zinazoonyesha mpira wikendi na ngumi kukiwa na pambano kubwa. Usiku wa kuamkia Jumapili, Agosti 18, 2024, walitangaza kwamba hawafungi hadi Dricus du Plessis wa Afrika Kusini na Israel Adesanya wamalizane kule Perth, Australia, kwenye UFC 305 (UFC ni mapambano ya kizimbani yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka). Kiingilio shilingi 500, ukilipa unapewa kinywaji kimoja. Nilienda na mdogo wangu wa kiume, ambaye mama alimtuma anisindikize lakini ndiye aliyelala wa kwanza.

Kwa wasiofuata mchezo huu, saa zake kwetu ni mateso. Kadi kuu, yaani yale mapambano makubwa ya mwisho, siku ile ilianza saa 4 usiku Jumamosi, saa za New York, ambazo mwezi wa Agosti ni saa 11 alfajiri Jumapili hapa Nairobi. Hata watu wa Perth wenyewe waliingia uwanjani asubuhi, kwa sababu ratiba ilipangwa Mmarekani aone pambano akiwa ameshiba chakula cha jioni. Sisi tukaangukia katikati, saa ambayo hata mbwa wa mtaa wamelala. Kwa hiyo ukumbi unaokubali kukaa wazi mpaka kuche unastahili sifa kabla hata sijafika kwenye lawama.

Lawama ya kwanza ni meza. Niliweka nafasi kwa simu, nikalipa kwa M-Pesa, nikatumiwa ujumbe wa kuthibitisha. Tulipofika tukakuta meza imekaliwa na mashabiki wa Arsenal, bado wanasherehekea Wolves kufungwa 2-0 jioni ile kana kwamba ligi imeshaisha wikendi ya kwanza. Mhudumu akaniambia, "Dadangu, vumilia kidogo, hawa wanatoka." Hawakutoka. Nilimtafuta meneja, nikamwonyesha ujumbe kwenye simu, naye akatuhamishia meza ya nyuma karibu na dirisha. Hakuomba radhi, ila alituletea njugu za bure. Hiyo meza ya dirisha nitairudia, kwa sababu ilikuja kuwa na kisa chake.

Lawama ya pili ni mshereheshaji. Sijui ni nani aliyewaambia wenye baa za Nairobi kwamba mtu hawezi kutazama pambano bila kijana mwenye maikrofoni kumpigia kelele sikioni. Mapambano ya utangulizi, yaliyoanza saa 9 usiku, tuliyatazama bila kusikia neno la watangazaji. Kila raundi ikiisha yeye anapandisha muziki na kuuliza nani ametoka Kawangware na nani ametoka Rongai. Kitu kimoja tu alichofanya kikanifurahisha: kwenye mapumziko marefu aliweka ile mita 800 ya Olimpiki ya Paris, Mkenya Emmanuel Wanyonyi akimshinda Marco Arop wa Kanada kwa sekunde 0.01. Mbio zenyewe zilikuwa zimepita wiki moja tu. Ukumbi mzima ulisimama na kupiga mayowe kana kwamba matokeo yangeweza kubadilika.

Na Paris ndiyo iliyowasha moto kuhusu pambano la usiku. Mnakumbuka ugomvi wa hawa wawili. Adesanya alizaliwa Lagos, akahamia New Zealand akiwa mtoto. Mwaka 2021 yeye, Kamaru Usman mzaliwa wa Nigeria na Francis Ngannou mzaliwa wa Kamerun walikuwa mabingwa wa UFC kwa wakati mmoja, na Afrika nzima ikajipigia kifua. Baadaye Du Plessis akaja na maneno yake: hao wote wanaishi na kufanya mazoezi ng'ambo, yeye anaishi na kufanya mazoezi Pretoria, kwa hiyo ndiye atakayeleta mkanda Afrika hasa. Mkanda aliupata Januari 2024 kule Toronto, alipomshinda Sean Strickland. Kabla ya Perth alimchokoza Adesanya mbele ya wanahabari mpaka mwenzake akatokwa na machozi.

Meza iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na Wanaijeria watatu, waungwana sana, waliokuja na bendera. Nyuma yao mzee mmoja wa makamo, amevaa koti zito la baridi ya Agosti, akasema kwa sauti kwamba yeye yuko na Du Plessis. Kelele! Kijana mmoja akamuuliza, "Mzee, wewe unamshabikia mzungu anayetuambia nani ni Mwafrika?" Mzee hakutetereka. Akamuuliza: juzi Winfred Yavi alipochukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji kwa jezi ya Bahrain, ulishangilia au ulinyamaza? Kijana akasita. Alizaliwa hapa Kenya, sivyo? Haya, ulishangilia? Mwingine akadakia la Stephen Cherono, aliyegeuka Saif Saaeed Shaheen wa Qatar na kumpiku Mkenya Ezekiel Kemboi kwenye mashindano ya dunia ya 2003. Basi ikawa bunge. Wapo waliosema damu haivuki mpaka, wapo waliosema jasho linahesabiwa pale linapodondokea. Mnaijeria mmoja akageuka akasema kwa Kiswahili cha kujifunzia Kilimani kwamba Adesanya ni wao hata akienda kuishi mwezini, na hapo hata mzee alicheka.

Mjadala wa namna hiyo huwezi kuupata sebuleni kwako. Kwangu mimi ule tu ulikuwa umerudisha zile 500.

Sasa picha. Ukumbi ulikuwa unaonyesha matangazo halali kupitia dekoda, hilo nawapa. Lakini picha ilikuwa nyuma ya dunia kwa sekunde kadhaa, na vijana wa meza ya mbele walikuwa wanafuata matokeo kwenye simu. Mnaelewa kilichotokea. Kai Kara-France anapigana na Steve Erceg, mwenyeji wa Perth, raundi ya kwanza, na watu wamekaza macho. Ghafla mbele mtu anaruka: "Ameanguka! Ameanguka!" Sisi kwenye projekta tunaona wote wawili wamesimama wima. Tukakaa tukisubiri kuona ni nani anayeanguka. Konde lilipompata Erceg, nusu ya ukumbi ilikuwa imeshakasirika badala ya kushangilia. Mhudumu aliwasihi waweke simu mfukoni, wakamjibu kwa kicheko.

Waliotuokoa ni wateja wenzetu. Upande wa kulia, chini kidogo ya spika, walikaa vijana wa klabu moja ya mazoezi, mabega mapana, masikio yamevimba kwa mieleka, wanakunywa maji tu. Mmoja wao aliinuka taratibu, akaenda meza ya mbele, akakusanya simu zote, akazifunika kwa sinia tupu la nyama. Hakusema neno. Hakuna aliyebisha.

Ukienda pale, omba meza karibu na hao. Mashabiki wengi wa Nairobi, mimi nikiwamo, tumelelewa kwenye ndondi: tunaelewa konde, tunaelewa teke, lakini watu wakienda chini tunaanza kutafuta mhudumu. Wale vijana ndipo wanapoamka. Dan Hooker na Mateusz Gamrot walipokuwa wamekumbatiana ukutani mwa kizimba, mmoja wao alitueleza, bila maringo, kwa nini mkono wa Gamrot uko chini ya kwapa na si juu, na kwa nini Hooker anasukuma kichwa cha mwenzake kwa paji la uso. Tangu hapo nilikuwa natazama kitu kingine kabisa. Hooker alishinda kwa majaji kugawanyika, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini waligawanyika.

Kugawanyika kwa majaji kwenye pambano la Tuivasa na Rozenstruik ndiko hakuna aliyekuelewa. Rozenstruik alishinda, sawa, lakini jaji mmoja alimpa Tuivasa raundi zote 3. Mshereheshaji aliuliza kama huyo jaji ametazama pambano kwenye redio. Ndiyo mara pekee niliyomsamehe.

Kulikuwa na kijana mwingine, jirani yetu wa kushoto, aliyekuwa amefunga mkeka wa kubeti wa watu watatu: Hooker, Kara-France na Adesanya. Wote watatu ni wa klabu moja ya Auckland, City Kickboxing, chini ya kocha Eugene Bareman, na hesabu yake ilikuwa kwamba klabu ikiwa na siku yake, inakuwa na siku yake yote. Hooker kaingia. Kara-France kaingia. Kufikia hapo alikuwa amesimama juu ya kiti, ameshaahidi kununulia meza tatu kifungua kinywa, sisi tukiwamo.

Ndipo jua likatoka.

Pambano kuu lilikaribia saa 1 na nusu asubuhi, na lile dirisha letu linatazama mashariki. Projekta ikafifia. Adesanya akaingia kizimbani akiwa kivuli, Du Plessis akiwa kivuli kingine, na ukumbi mzima ukageuka kututazama sisi wa dirishani kana kwamba ndio tuliopandisha jua. Mapazia hayakuwapo. Mhudumu yule wa "vumilia kidogo" akaja mbio na vitambaa vya meza viwili, akapanda kiti, akashindwa kufika juu. Mnaijeria mmoja akamsogeza pembeni, yule mzee wa koti akashika kiti, wakafunga vitambaa kwenye nondo za dirisha. Kitambaa hakikutosha. Ile bendera ya Nigeria ndiyo iliyoziba pengo la mwisho, na mzee wa Du Plessis ndiye aliyeifunga fundo.

Ukumbi unaouza tiketi za pambano la alfajiri na hauna pazia! Nyota moja imekatwa hapo, na sirudishi.

Pambano lenyewe lilikuwa zuri kuliko picha tuliyoiona. Du Plessis hapigani kwa mpangilio unaovutia macho. Anakuja tu, anatupa mikono kama mtu anayefukuza nyuki, lakini anakuja. Alimwangusha Adesanya mapema, na wale vijana wa mazoezi wakaanza kunong'onezana. Raundi ya 3 Adesanya akampata mbavuni mara kwa mara, Wanaijeria wakawa wanahesabu kila konde kwa sauti, na ukumbi ukajiunga nao. Raundi ya 4 ilianza vivyo hivyo. Kisha Du Plessis akapenyeza makonde kadhaa, Adesanya akayumba, wakaenda chini.

Sisi wengine bado tulikuwa tunapiga kelele za kumtia moyo. Meza ya vijana wa mazoezi ilinyamaza. Yule aliyetufundisha alisema kwa sauti ya chini, "Amepata mgongo," na hata kabla sijauliza maana yake, mkono wa Du Plessis ulikuwa shingoni na Adesanya amegonga kusalimu amri. Dakika 3 na sekunde 38 za raundi ya 4. Hakuna aliyetangulia kutangaza; simu zilikuwa bado chini ya sinia.

Mzee hakumcheka mtu. Alimpa mkono kila mmoja wa Wanaijeria, na kwenye projekta wale wawili wa kizimbani nao walikuwa wanakumbatiana na kusemezana kwa heshima. Yule kijana wa mkeka alishuka kwenye kiti, akachana karatasi aliyokuwa ameandikia hesabu zake, akauliza kama supu inalipwa kwa awamu.

Supu yenyewe: mbuzi, kikombe shilingi 200, moto, na pilipili ya kutosha kukuamsha. Jiko la nyama choma lilikuwa limefungwa saa 9 usiku, jambo ambalo halikutangazwa popote, kwa hiyo mwenye njaa wa saa 10 alibaki na njugu. Lakini kuanzia saa 12 wakaleta supu na chapati, chapati za kukunjwa zenye tabaka, na hapo hata mdogo wangu aliamka.

Vyoo: vya wanawake vilikuwa safi mpaka mwisho, na kulikuwa na mama anayevisimamia usiku kucha. Mlangoni mabaunsa walikagua mikoba kwa adabu, na nilipotoka nje kupiga simu saa 8 usiku mmoja alisimama mahali ninapomwona bila kunisogelea. Kwa mwanamke anayefikiria kwenda, hilo ni kubwa kuliko projekta. Kurudi nyumbani hakuna shida: kufikia saa 2 matatu za Ngong zinapita, zimejaa watu wa ibada ya kwanza, na utakaa kati yao ukinuka moshi wa baa.

Nilimuuliza meneja kama watafungua kwa UFC 306, ile ya ukumbi wa Sphere, Las Vegas, ambapo Sean O'Malley alikuwa atetee mkanda wake dhidi ya Merab Dvalishvili. Kwetu ilikuwa iwe alfajiri ya Jumapili, Septemba 15, 2024. Alisema watafungua, na kwamba mapazia yameagizwa. Ukitaka kwenda, usilipe mapema kwa simu. Fika kabla ya mpira wa Jumamosi kuisha, kaa upande wa kulia chini ya spika, na kabla hujatoa pesa muulize meneja swali moja: mshereheshaji atakuwepo?