Reti za Mombasa: kulipa ni rahisi, jina ndilo kazi

Huduma ya kulipa reti, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka, kwa kaunti ni nzuri. Udhaifu wake ni jina la mwenye kiwanja katika daftari la kaunti. Ukisajili uhamisho wa umiliki ofisi ya ardhi, usidhani kaunti imejua. Hayo ni madaftari mawili. Peleka kaunti nakala ya hatimiliki mpya na kitambulisho, kisha soma namba ya kiwanja tarakimu kwa tarakimu: MN/I na MN/II (MN ni Mainland North, bara ya kaskazini) ni sehemu mbili tofauti, na I moja ikikosekana unaweza kulipia kiwanja cha mwingine. Jina la marehemu likibaki, warithi huenda wasipate bili, deni hukua, na bila cheti cha reti, kinachoonyesha hakuna deni, hawauzi. Nyumba bila ardhi, desturi yetu ya Pwani ambapo nyumba ni ya mmoja na kiwanja ni cha mwingine, ndiyo ngumu zaidi: hatimiliki humtaja mwenye kiwanja tu.