Landrover 109 ya marehemu baba ilivuma miezi minne, mzee wa Unga Limited akaipata siku moja

Hii gari ni Landrover Series III, 109 (yaani ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya mwaka 1978, ya petroli, ile injini ya 2.25. Aliinunua marehemu baba na mimi nimejifunzia kuendesha humo humo, kwa hiyo ikiumwa hii gari na mimi silali. Niliipeleka gereji moja hapa Arusha wabadilishe krosi (vile viungio vya kwenye ncha) za propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma, maana kila ukiachia klachi inagonga "ko!". Wakabadilisha, kugonga kukaisha kabisa, nikashukuru. Ila nilivyoshika tu barabara ya Makuyuni, ikafika 55 kwenda 70 hivi, sakafu ikaanza kuvuma, yaani mvumo unapanda mpaka kwenye meno, kioo cha pembeni kinacheza huoni nyuma kuna nini.

Nikarudi pale pale. Wakasema tairi, nikafanya wili balansi zote nne, hola. Wakasema maunting za giaboksi, ile mipira inayoishikilia, zimechoka, nikanunua, hola. Mwisho wakasema ni difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, wanataka kuifungua, hapo nikagoma, maana laki nne na ushee ilishaondoka na gari iko vile vile. Na kilichonichanganya zaidi, siku niliyobeba mifuko kumi ya saruji ule mvumo ulikuwa karibu haupo, nikashusha mzigo, ukarudi. Sasa gari gani hiyo inapona ikibebeshwa? Nilikaa na hilo swali miezi minne.

Jamaa mmoja tuliyejuana kwenye ile Land Rover Festival ya Oktoba 2024 ndio akanielekeza kwa huyu fundi mzee wa Unga Limited, mtaa wa hapa hapa Arusha. Hana bango, ana mwembe, meza ya chuma na spana zake za inchi amezipanga vizuri. Nikampa shikamoo, nikaanza kumwelezea vitu vilivyobadilishwa, akanikata, "Ulivyobadilisha baadaye kijana wangu, kwanza niambie unausikia wapi, kwenye usukani au chini?" Nikamwambia chini, usukani umetulia. Akasema basi twende barabarani.

Njiani akaniambia nishike 60 kwa gia namba nne, halafu nirudishe namba tatu spidi ile ile. Mvumo haukubadilika. Akasema weka nyutro iende yenyewe. Uko pale pale. "Injini na klachi tuziache, hazihusiki." Halafu akanielewesha kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kuniambia, kwamba tetemeko la tairi ni la polepole, linapiga usukani, ila hili linavuma kama nyuki kwa hiyo linatoka kwenye kitu kinachozunguka haraka zaidi, na hii gari difu yake ni 4.7, tairi likizunguka mara moja propela imeshazunguka karibu mara tano.

Tuliporudi akaweka mawe kwenye tairi, maana hendibreki ya hizi gari inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa (ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), haiko kwenye tairi, ukitoa propela ya nyuma hendibreki haikusaidii tena. Spana ya 9/16, nati nane, propela chini. Akabonyeza kile kitufe cha njano cha kuunganisha tairi za mbele, ikawa inavutwa na tairi za mbele peke yake, tukarudi barabarani. Ndugu zangu, 60, 65, 70, kimya! Nilitamani nisimame nimkumbatie yule mzee.

Sasa propela ikawekwa mezani, krosi mpya kabisa, hazina mchezo hata kidogo. Akachukua brashi ya waya akasugua ile sehemu ya meno inayoingia na kutoka, chini ya rangi na grisi kavu ikaonekana mishale miwili, na imepishana. Kumbe wale vijana walipotoa krosi waliichomoa propela vipande viwili, kurudisha wakachomeka tu popote meno yalipokubali. Mzee anasema krosi ikifanya kazi ikiwa imepinda haizungushi sawasawa, inaharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, krosi ya upande wa pili ndio inasawazisha, lakini ni mpaka masikio ya propela yanayoshika krosi pande zote mbili yakae mstari mmoja. Yakipishana, zile krosi hazifutiani tena. Na ile habari ya saruji ikajibika hapo hapo, ukibeba mzigo bodi inashuka, propela inakunjuka kidogo, kwa hiyo mvumo unapungua. Nilifurahi jamani, yaani kuelewa kulinifurahisha kuliko hata kupona kwenyewe.

Akaichomoa, akalinganisha mishale, grisi, akafunga, akapiga alama ya rangi nyeupe juu yake ili anayekuja asikosee. Nikalipa elfu 30. Nimeshaenda nayo Karatu na kurudi, sakafu imetulia, mke wangu kalala njia nzima.

Sitaki kuwaficha, mzee yuko peke yake na haharakishwi, nilifika saa mbili asubuhi nikatoka saa tisa, risiti hana na simu mara nyingi hapokei. Kwa mtu mwenye gari ya kazi inayotakiwa barabarani leo leo hiyo ni shida kweli. Ila kwa wenye 109, 88 na hizi za zamani ambazo umeshabadilisha kila kitu na ugonjwa uko pale pale, mpelekeeni. Nendeni gari ikiwa tupu, ukienda na mzigo utamfichia ugonjwa.