Makava ya nyimbo kwenye flashi: nimeijaribu Mp3tag

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala spika. Nina hii flashi ya GB 8, na ugomvi wangu nayo ni mmoja tu: makava.

Hebu oneni skrini ya redio ya gari. Wimbo unapiga freshi, lakini pale pa picha pana nembo ya tovuti iliyoupakia. Naruka wa pili: noti ya kijivu. Wa tatu: sura ya msanii mwingine kabisa! Kama umewahi kujaziwa nyimbo kwenye flashi pale Kariakoo, haya unayajua. Unapewa nyimbo pamoja na fujo zake.

Dawa niliyoijaribu ni programu ya Mp3tag. Kwenye Windows ni bure, kwenye Mac unalipia, kwenye Android haipo kabisa, kwa hiyo kama huna kompyuta, azima. Sura yake ya kizamani, utadhani ya mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Na haichezi muziki. Inaandika taarifa ndani ya faili: jina, mwaka, albamu, picha.

Tazameni. Nachagua nyimbo zote 12 za albamu, naishika picha, naiburuta mpaka kisanduku cha huku chini kushoto, nahifadhi. Basi. Picha iko ndani ya kila wimbo. Ukimrushia mtu, inaenda nayo.

Sasa hapo ndipo nilipoumia. Ndani ya *kila* wimbo, nimesema. Haikai sehemu moja ikatumiwa na albamu nzima, inarudiwa. Mimi kwa tamaa nikatafuta picha kali za MB 3 moja moja. Nina nyimbo 1,500. Pigeni hesabu: MB 4,500! Zaidi ya nusu ya flashi imeliwa na picha, na skrini yenyewe hii hapa, kiganja kinaifunika. Nikazishusha hadi pikseli 600 kwa 600, kama KB 100 kila moja. Jumla MB 150. Programu inaweza kuyapunguza makava mengi kwa mkupuo, na kwa hilo peke yake naipa maua yake. Picha kubwa siitupi. Naiacha kwenye kompyuta, kwenye folda ya albamu, naiita folder.jpg.

Mtego mwingine. Kava kwenye simu linaonekana, kwenye gari halionekani. Nilihangaika nalo jioni nzima. Kumbe kuna JPEG za aina mbili: ya kawaida, na ile inayoitwa progresivu, ambayo kwenye intaneti inaanza na ukungu kisha inasafika. Redio nyingi za bei ya chini haziijui hiyo ya pili. Ifungue kwenye programu yoyote ya picha, ihifadhi upya kama JPEG ya kawaida.

Halafu chagua aina ya picha: kava la mbele. Utaratibu wa ID3, wa kuandika taarifa ndani ya faili za MP3, una aina 21 za picha, na moja, sitanii, ni "samaki wa rangi angavu". Sijui walikuwa wamekaa Feri, soko la samaki! Usiiguse, weka kava la mbele.

Kuna kutafuta makava mtandaoni pia, inachota MusicBrainz na Discogs, hazina za taarifa za muziki. Albamu za Marekani na Uingereza, dakika sifuri. Za kwetu ni za kubahatisha. Na nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania kwa ajili ya kurushwa hewani, hazikutolewa kama albamu. Utaweka kava gani la bendi ya Sikinde wakati kava halikuwepo?

Mimi nilifanya hivi. Baba alikuwa anarekodi redioni kwenye kanda. Hii hapa karatasi ya kanda: majina ya nyimbo kwa bic ya bluu, hapa kwenye mkunjo wino umefifia, na "Msondo", bendi nyingine ya dansi, kaiandika kwa herufi kubwa akapiga mstari mara mbili. Nimeipiga picha mchana, dirishani, bila flashi ya simu. Ni ndefu, kisanduku ni mraba, kwa hiyo nimeiweka juu ya mraba mweusi, vinginevyo redio ingeivuta ikanenepa.

Haya, nachomeka. Subirini isome… Hiyo. Mwandiko unasomeka, ila saa ya redio imekalia jina la wimbo wa mwisho. Narudi kuisogeza juu kidogo.