Kitanda cha pembeni kutoka Keko: miezi mitatu tangu mwanangu ahame kifuani kwangu

Mwanangu alianza kulala kifuani kwangu usiku ule tuliotoka hospitali. Alipofikisha miezi minane alikuwa bado hajalala hata saa nzima bila ubavu wake kugusa wangu. Akishtuka, titi. Akijigeuza, titi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, likizo yangu ya uzazi ya siku 84 iliisha zamani, na saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe nimeshaamka. Nilifika mahali pa kusinzia nikiwa nimesimama ubaoni. Ndipo nilipokwenda Keko kutengenezesha kitanda.

Watu wa Dar es Salaam mnaijua Keko: ukipita barabarani unakuta vitanda, makabati na sofa vimepangwa nje, vumbi la mbao kila upande. Sikutaka kitanda cha mtoto cha kawaida chenye kuta nne. Nilitaka cha kuunganisha na kitanda chetu, futi 2 kwa 4, ubavu mmoja ufunguke kwa bolti ili mtoto alale kwenye godoro lake mwenyewe lakini mkono wangu umfikie. Fundi alinielewa haraka, akanichorea kwenye kipande cha plaiwudi. Fremu ya mninga, chaga za paini, na chaga hizo ziwe na ngazi mbili: ya juu wakati ubavu uko wazi, ya chini siku ubavu utakapofungwa. Bei tulikubaliana shilingi 260,000, bila godoro.

Kazi ya mbao nampa sifa zake. Msasa umepita kila kona, hakuna kibanzi hata kimoja, na kitanda hakipigi kelele ukikitikisa. Nilimwambia apime kimo cha kitanda chetu godoro likiwa limekaliwa, maana godoro la inchi 8 likilaliwa linashuka. Alikuja nyumbani, akanikalisha juu yake, akapima. Magodoro mawili yamelingana sawasawa.

Lakini kuna mambo mawili yaliniudhi. Aliahidi wiki moja, nikapata baada ya tatu. Hilo nalisamehe. La pili ndilo ninalotaka kila mama alisikie: nafasi kati ya fito na fito ilikuwa sentimita 9. Kichwa cha mtoto hakipiti hapo, lakini kiwiliwili kinaweza kuponyoka, kichwa kikabaki. Nafasi isizidi sentimita 6. Ukiwa huna tepu, chukua kopo la soda, lile la bati la kawaida. Likipita kati ya fito, kirudishe. Nilikirudisha. Fundi alisema, "Mama, wateja wote nawatengenezea hivi hivi." Nikamjibu, "Fundi, huyu wangu naomba umtengenezee kwa kipimo hiki." Akaongeza fito bila kunidai zaidi. Vanishi mpya nayo inanuka sana. Nilikiacha barazani siku kumi kabla ya kukiingiza chumbani.

Godoro nalo lisichukuliwe kimzaha. La kwanza nililonunua lilikuwa fupi kwa sentimita 3, ikabaki nafasi kwenye kiungo cha vitanda viwili. Jirani alinishauri nijaze khanga. Nilikataa, kwa sababu nguo husogea, na mtoto anaweza kuzamisha uso pale. Nikaenda kukatiwa jingine gumu, la inchi 4, likaenea mpaka ukingoni. Kitanda chenyewe kimekazwa kwa bolti mbili kwenye ubavu wa kitanda chetu, na upande wa pili kimebanwa na ukuta. Ndani hakuna mto, hakuna blanketi, hakuna mdoli. Ni shuka iliyokazwa na mtoto basi, amelazwa chali.

Sasa niseme ukweli kuhusu usingizi wenyewe, maana hiyo ndiyo sababu ya kununua. Kitanda peke yake hakikumlaza. Usiku wa kwanza nilimnyonyesha nikiwa nimelala ukingoni, akasinzia, nikamsogeza upande wake. Baada ya dakika arobaini hivi akalia. Nikarudia, akalia tena. Tulikesha hivyo siku nne.

Dada yangu ni nesi, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko mifupi kuliko wetu, kila baada ya muda kama wa saa moja anaibuka kidogo. Akiibuka anatafuta kile alichokuwa nacho alipofumba macho. Wangu alifumba macho titi likiwa mdomoni, akaibuka hakulikuta, na kwake lile lilikuwa jambo la kutisha. Kwa hiyo nikaacha kumnyonyesha nimelala. Nikawa nakaa, namnyonyesha ashibe, halafu macho yakianza kulegea lakini hayajafumba naingiza kidole changu kidogo pembeni mwa mdomo wake, analiachia. Namlaza kwake, mkono wangu kifuani pake, nauimba wimbo uleule kila usiku. Shuka yake niliilalia mimi kwanza siku mbili ili iwe na harufu yangu.

Alilia, lakini nikiwa pale, mkono wangu uko juu yake. Sikuwahi kumfungia mlango. Hapa ndipo ninapokipenda hiki kitanda kwa moyo wote: kinamtenga na mwili wangu bila kumtenga na mimi. Wiki ya pili akaanza kuibuka, kupapasa, kukuta vidole vyangu na kurudi usingizini. Wiki ya sita tulishusha chaga na kufunga ubavu wa nne.

Mama mkwe alinishauri nipake shubiri kwenye titi. Nilimwambia kwa heshima, "Mama, simwachishi ziwa, namfundisha kulala tu." Mtoto ananyonya, na nimepanga anyonye mpaka afikishe miaka 2, kama tunavyofundishwa kliniki. Usiku sasa ananyonya mara moja, kwenye saa tisa, kisha namrudisha kwake. Meno ya juu yalipotoka, homa ikampanda, akarudi kitandani kwetu siku nne. Alipopona alirejea kwake, akalia kidogo usiku mmoja tu.

Jambo ambalo sikulifikiria ni chandarua. Chetu cha futi 6 kwa 6, chenye dawa, nilichopewa kliniki, hakikutosha vitanda viwili. Upande wa mtoto kilining'inia na mbu wakaingia. Fundi cherehani aliniunganishia viwili kwa elfu tano. Panga hilo mapema, kabla kitanda hakijafika. Kwa upande wa joto, nimefurahi. Umeme ukikatika na feni ikizima, mtoto aliyebanwa katikati ya watu wazima wawili hulowa jasho. Huyu sasa hewa inampitia kati ya fito.

Kwa jumla nimetumia kama laki tatu na nusu, godoro lililokosewa likiwemo. Kwa mshahara wangu ni fedha nyingi, na ningezitoa tena.

Ukiagiza, nenda na tepu yako na usimalizie malipo kabla ya kupima. Bolti nazo ziangaliwe kila mwezi, hasa mtoto akishaanza kusimama na kukitikisa kitanda kama afanyavyo wangu sasa. Jana jioni nilizipitia zote kwa spana. Mbili zilikuwa zimelegea.